Dada Aliyesema "Funga"

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu: haya ndiyo maisha yake, kama yalivyoandikwa na mdogo wake wa kike. Marehemu aliagiza mwenyewe kwamba aandike yeye. Alipoulizwa kwa nini, wakati ukoo una walimu wawili na mhariri mmoja wa gazeti, alijibu, "Hao watanipamba. Huyu ananionea wivu tangu yuko kwenye mbeleko. Hatatia chumvi."

Kikao cha familia kilisoma rasimu juzi, na mjomba akaomba aya za kazi zipunguzwe, hasa ile ya mwaka 2012. Alisema msibani si mahali pa ripoti za hospitali. Mdogo wa marehemu anamheshimu mjomba na alimsikiliza mpaka mwisho. Aya hizo zimebaki.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mke wake mshonaji. Mama anasema alizaliwa macho wazi, hakulia, akawa anawatazama watu mmoja mmoja kana kwamba wao ndio wamefika. Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti, akazaliwa mdogo wake, ambaye alilia siku arobaini mfululizo. Mkubwa alipoonyeshwa mtoto alimletea mwanasesere wake wa pekee akamlaza pembeni yake. Mdogo alipopata nguvu za mikono alimtupa yule mwanasesere dirishani. Kisa hiki mama amekisimulia kwa kila mgeni aliyewahi kuingia nyumba ile, na kila mara mgeni alimwangalia mkubwa kwa huruma na mdogo kwa jicho la pembeni.

Marehemu alianza shule Januari 1971. Kwa haki ya marehemu, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akilisema hili akicheka, ni lazima iandikwe kwamba mwaka 1977 alianguka mtihani wa darasa la saba. Akarudia. Januari 1978 mdogo wake akapanda darasa la saba na kumkuta dada yake ameketi dawati la pili, amemwekea nafasi. Mwaka ule mdogo alikuwa wa kwanza kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Mkubwa alikuwa wa kumi na tisa. Lakini wageni wakija shuleni, mwalimu wa sayansi alimtuma mkubwa akawapokee. Mdogo alivumilia mara mbili, mara ya tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi ndiye wa kwanza."

"Najua," Mwalimu akasema. "Ndiyo maana wewe ubaki ukafanye hesabu."

Mwalimu huyo yupo hapa leo, mstari wa pili, na atakumbuka kisa cha chupa. Kizibo kilitumbukia ndani ya chupa ya maabara yenye shingo nyembamba, chupa yenyewe ilikuwa moja tu shule nzima, na darasa likagawanyika juu ya namna ya kukitoa. Mdogo wa marehemu alikuwa ameshaokota jiwe. Dada yake alichomoa waya kwenye daftari, akaukunja kitanzi, akauingiza shingoni mwa chupa na kuanza kuvua kizibo, ulimi nje, bila haraka. Kengele ililia na hakuna aliyetoka. Kizibo kilipotoka darasa lilipiga makofi, na mtoto mmoja tu akabaki na jiwe mkononi, roho inamuuma. Huyo ndiye anayewaandikia.

Wote wawili walipita sekondari na chuo cha udaktari pamoja, mdogo mbele kwa alama, mkubwa mbele kwa marafiki, wakahitimu mwaka 1990.

Tarehe 18 Septemba 1993 marehemu alifunga ndoa na fundi saa. Hapa shemeji ametoa ruhusa isemwe kweli. Saa iliyowakutanisha ilikuwa ya mdogo wa marehemu. Alikuwa ameipeleka dukani kwa fundi mara tatu ndani ya miezi miwili, na saa yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote. Mara ya tatu alibanwa na zamu, akamwomba dada yake ampitie aichukue. Dada alikwenda dakika tano kabla ya duka kufungwa, akarudi baada ya saa mbili, na saa akaisahau hukohuko. "Yule fundi ni mtu wa kuongea naye," akasema akivua viatu. Mdogo wake alilijua hilo, na ndilo lililokuwa limempeleka mara tatu. Alisimamia harusi kwa uso mkunjufu na moyo umevimba. Baadaye naye aliolewa na mtu mwema, ambaye yupo hapa na ameomba iandikwe kwamba hana kinyongo. Marehemu na mume wake walijaliwa binti wawili.

Sasa kazi. Marehemu alibobea katika magonjwa ya tumbo kwa njia ya kamera, na mdogo wake akabobea katika upasuaji. Kuanzia mwaka 1998 walifanya kazi hospitali moja, ghorofa moja. Mdogo alikuwa na chumba kikubwa cha upasuaji, chenye taa za duara na milango miwili. Dada alikuwa na chumba namba nne, mwisho wa ukumbi, kinachotazamana na chumba cha kufulia cha hospitali, hivi kwamba ulikuwa ukiingia unakutana na joto la mashuka. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja cha magurudumu, skrini, sinki mbili za kuoshea mirija, na kabati ambalo mlango wake ulifungwa kwa plasta.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna watu wanaoota vinyama ndani ya tumbo. Vingi si saratani, lakini vinaweza kuvuja damu, vinaweza kuziba njia ya chakula, na baadhi vikiachwa miaka vinaweza kugeuka. Zamani mtu wa namna hiyo alipasuliwa, akalala wodini wiki mbili, akarudi nyumbani na kovu kutoka kifuani hadi kitovuni. Marehemu alimpulizia mgonjwa dawa ya ganzi kooni, akamlaza ubavu wa kushoto, akapitisha mdomoni mrija mwembamba wenye taa na kamera, akashuka nao taratibu mpaka tumboni. Akikiona kinyama alikichunguza kila upande. Kikiwa na kikonyo, kama uyoga, alikivika kitanzi cha waya, kitanzi kikakazwa, yeye akakanyaga pedali ya umeme, na umeme ukakata huku ukiunguza mshipa ili damu isitoke. Kisha alikivuta kwa wavu mdogo, kikaenda maabara ndani ya chupa ya dawa. Wagonjwa walioingia asubuhi, wengi wao walirudi nyumbani jioni, tumbo halina mkwaruzo.

Mdogo wa marehemu aliwaona wakitoka. Wagonjwa wake yeye walitoka wameshikwa makwapa, wanamwogopa. Wa dada walitoka kwa miguu yao, koo bado lina ganzi, wanasema "achante" kwa ulimi mzito na kucheka wenyewe. Mwaka baada ya mwaka orodha yake ya upasuaji wa tumbo ilipungua, na hakuhitaji kuuliza wagonjwa wamekwenda wapi. Alisema vikaoni kwamba kamera ni kitu kizuri, lakini kina mipaka yake. Alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kitanzi kina mpini, na mpini haushikwi na daktari. Hushikwa na muuguzi, kwa kuwa mikono ya daktari ina kazi ya kuuongoza mrija. Daktari husema "fungua", muuguzi anafungua. Husema "funga", anafunga. Kwa miaka kumi na minne mpini wa marehemu ulishikwa na muuguzi mmoja tu, ambaye hospitali nzima ilimwita Bibi Kalamu. Jina lilitokana na desturi yake. Kabla ya kila mgonjwa alikifungua kitanzi na kukifunga hewani, akaangalia waya unapogusana, akachora mstari wa kalamu kwenye mpini. Mkono ukifika kwenye mstari alijua hakuna tena cha kukaza, na kwamba akizidisha atakata kabla ya umeme. Wawili hao walifanya kazi asubuhi nzima kwa maneno mawili, na mdogo wa marehemu, aliyepita pale mlangoni na faili mkononi bila sababu ya maana, aliwaonea gere hata huo ukimya wao.

Mwezi Aprili 2012 Mwalimu yuleyule wa sayansi alilazwa. Alikuwa amepauka, damu imeshuka, na kamera ikaonyesha kinyama kikubwa kama ndimu, chenye kikonyo kinene. Vipimo vya awali havikuonyesha saratani. Mdogo wa marehemu alishamwandikia upasuaji siku ya Ijumaa na chumba kikaandaliwa. Kwa mara ya kwanza maishani Mwalimu angekuwa mgonjwa wake yeye, na angemshukuru yeye. Dada yake akaja ofisini, akasimama mlangoni.

"Nipe Alhamisi," akasema. "Nikishindwa, Ijumaa ni yako."

"Kikonyo kile ni kinene mno. Kitakumwagia damu."

"Basi uje usimame karibu. Nitakuwa na amani zaidi ukiwepo."

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 19 Aprili, Bibi Kalamu hakuwepo, kwa kuwa binti yake alikuwa anajifungua. Muuguzi wa zamu hakuwahi kushika kitanzi. Marehemu akamgeukia mdogo wake. "Shika wewe. Unao mkono." Mdogo wake alishika. Alikuwa amemwona Bibi Kalamu akichora mstari ule mara zisizo na idadi, na kalamu ilikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Hakuchora. Mpasuaji wa miaka kumi na mitano atachoraje mstari kama mwanafunzi, mbele ya dada yake?

Kitanzi kilishuka juu ya kinyama, kikakaa vizuri shingoni mwa kikonyo. "Funga," dada akasema. "Taratibu." Mkono uliozoea koleo za chuma ulifunga ukapitiliza. Kikonyo kilikatika kabla mguu wa dada haujagusa pedali, na skrini yote ikawa nyekundu.

Kuna jambo ambalo mjomba hakulijua alipoomba aya ipunguzwe, kwa kuwa kwenye rasimu halikuwemo. Skrini ilipokuwa nyekundu, kwa muda usiofika pumzi moja, mdogo wa marehemu alifurahi. Aliwaza: sasa ataniita. Sasa atahitaji kisu. Mwalimu wao alikuwa pale kitandani anavuja damu, naye alifurahi. Anaandika hivi kwa sababu aliambiwa asitie chumvi, na kuficha nako ni namna ya kutia chumvi.

Marehemu hakupandisha sauti. "Maji," akasema. "Tena maji. Nipe kibanio." Aliosha mpaka akakiona kisiki cha kikonyo, akakibana kwa kibanio kidogo cha chuma, damu ikapungua. "Kingine." Ikapungua zaidi. "Kingine." Ikakoma. Zilikuwa dakika saba kwa saa ya ukutani. Kisha akavua kinyama kwa wavu bila haraka, ulimi nje, kama siku ya kizibo. Majibu ya maabara yalithibitisha kwamba haikuwa saratani. Mwalimu alirudi nyumbani siku iliyofuata.

Kwenye ripoti marehemu aliandika kwa mkono wake: "Kikonyo kilikatwa kabla ya umeme. Kosa ni langu." Mdogo wake aliisoma mezani, akairudisha ndani ya faili.

Mwezi Julai mwaka huohuo hospitali iliunganisha chumba cha kamera na chumba cha upasuaji kuwa idara moja, na ikatafuta mkuu. Majina yalikuwa mawili tu. Kamati ilisoma ripoti ile na ikamteua mdogo, ambaye ameishika nafasi hiyo kwa miaka kumi na moja. Maneno nayo yakatembea. Si mpasuaji alikuwa ndani ya chumba? Basi bila shaka yeye ndiye aliyezuia damu. Yalimfikia Mwalimu, na tangu hapo kila tarehe 19 Aprili Mwalimu alipanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa idara na kikapu cha machungwa, akamshika mikono na kusema, "Dada yako alinifikisha pabaya, wewe ukanirudisha." Mkuu wa idara alisema asante. Alilisema mara kumi na moja. Kitu alichokionea kijicho tangu darasa la saba kilikuwa kimefika mezani kwake, na hakuweza kukila. Marehemu alikuwa akipitia ofisini jioni, akachagua chungwa kubwa kuliko yote, akalimenya akiwa amekalia ukingo wa meza. "Ya mwaka huu ni matamu," alikuwa akisema. Mdogo wake alimwonea wivu hata kwa ule ulaji wake wa raha.

Nje ya waliokuwemo chumbani, mtu mmoja alijua. Bibi Kalamu aliporudi kazini alikuta mpini ule kwenye sinki, akaugeuza huku na huku, hauna mstari. Akaenda ofisini kwa mdogo wa marehemu, akaweka kalamu mpya mezani, akatoka.

Mwezi Novemba 2021 marehemu alianza kupata michubuko mikononi na uchovu usioisha. Ilikuwa saratani ya damu, ugonjwa usio na kazi ya kamera wala ya kisu, na kwa mara ya kwanza akina dada hawakuwa na cha kushindania. Alitibiwa kwa miezi ishirini. Mume wake alimtengenezea saa ndogo ya ukutani isiyopiga kelele, na binti zake walipokezana kumsomea.

Tarehe 19 Aprili mwaka huu mdogo wake alimpelekea wodini machungwa ya Mwalimu, kikapu kizima. Ilikuwa saa sita mchana, chumba kina jua. Alimmenyea moja, akatenganisha vipande, akasema alilolibeba miaka kumi na moja: kwamba ataandika barua kwa mkurugenzi, ripoti irekebishwe.

"Nani alisema funga?" marehemu akauliza.

"Wewe."

"Basi."

"Sikuchora mstari, dada. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni."

"Na mimi sikukuuliza kama umechora. Chumba kilikuwa changu." Alitafuna kipande, akameza kwa taabu. "Wewe tangu utotoni umekitaka kila nilicho nacho. Mpaka fundi saa. Sasa unataka kuninyang'anya hata kosa?"

Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi anyweshwe maji. Mdogo wake hakucheka. Alikuwa amekuja kutoa kitu kwa mara ya kwanza maishani, na hata hapo dada alikuwa amemtangulia kutoa. Aliondoka akiwa na hasira, na barua hakuiandika. Analijutia hilo kuliko mwanasesere, kuliko jiwe, kuliko yote yaliyoandikwa humu.

Marehemu alifariki dunia Jumapili, tarehe 2 Julai 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Macho yake yalikuwa wazi, na mama ndiye aliyeyafumba.

Barua ya kurekebisha ripoti na ya kujiuzulu ukuu wa idara aliipokea mkurugenzi wa hospitali leo asubuhi, kabla jeneza halijatoka nyumbani. Naye yupo hapa, mstari wa kwanza. Mwalimu, damu yako ilimwagwa na mkono wa huyu anayesoma, na ilizuiwa na dada yake peke yake. Machungwa ya miaka kumi na moja yalikuwa ya dada. Ukitaka kuleta tena mwakani, sasa unajua ni kaburi lipi.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, binti wawili, mjukuu mmoja, mjomba aliyetaka kumlinda, Bibi Kalamu, watu wengi wanaotembea na matumbo yasiyo na kovu, na mdogo wake mmoja, aliyeshika mpini.

Dada, kosa nimekunyang'anya. Pumzika, na amani yote ibaki yako.